Siku Niliyokuhesabu

Nabintu, mwanangu,

Sikuandikii salamu ndefu. Uko nyuma ya ukuta huu, ninakusikia ukigeuka, na kitanda hicho hakijawahi kuficha siri ya mtu. Hulali. Mimi pia silali, maana nguo zako zilizolowa ziko mikononi mwangu.

Ulifikiri sitaziona? Gauni ya kijani, blauzi mbili nyeupe, kikwembe cha bluu, sweta, nguo zote ulizozipanga kwenye sanduku juma zima, umezitoa ukazitia katika beseni ukamwaga maji juu. Hata sabuni hukutia. Umeziloweka tu, ili kesho alfajiri tonton Bisimwa akipiga honi pale chini, wewe useme nguo zangu hazijakauka. Akili hiyo umeitoa kwangu, ninaitambua. Basi nimewasha babula, jiko letu la makaa, nimejaza makala ndani ya pasi, na ninazikausha moja moja. Kati ya nguo na nguo ninaandika. Ukiona mahali wino umesambaa, ni maji ya sweta, usifikiri ninalia. Ninalia pia, lakini kwa upande ule mwingine wa meza.

Haya ningekuambia kwa mdomo. Nimekuja mlangoni kwako tena na tena, lakini umeegemeza kiti kwa ndani. Na hata ungefungua, mdomo huu ndio ulioharibu mchana wa leo, siuamini tena. Afadhali kalamu hii ya bic, neno likinishinda ninalikata. Utacheka maandishi yangu. Masista walitufundisha kuandika kama katekisimu, na mimi nikishika kalamu tu ninaanza kuongea kama padri kwenye mimbari. Vumilia.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga pesa ndani ya kikwembe, ya vijana wa Kisangani wenye viatu vya visigino virefu kuliko akili yao, shangazi zako wamekuambia hadi umepiga miayo. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, kesho upande kamio, lile lori la tonton. Mengine yote humu ndani ni njia ya kufika hapo, na ninajijua, nitazunguka.

Tuanzie kwenye chakula cha leo, maana najua unakirudia kichwani kama ninavyokirudia mimi. Tulitoka misa, tukakaa vizuri. Tonton Bisimwa, mdogo wa marehemu papa yako, alikuja na Zawadi, yule mke aliyemuoa juzijuzi huko Luvungi. Majirani walijaa hadi kwenye ngazi za nje. Bugali ilikuwepo, sombe, maharagi, na yule kuku niliyemfuga kwa ajili ya siku hii, ingawa alikuwa mgumu na hakuna aliyethubutu kusema. Kila mtu alikusifu, binti wa mtaa wetu wa Kadutu anayekwenda Kisangani kusoma awe mwalimu wa hesabu. Tonton akasema ni maajabu ya Mungu, mama asiyehesabu amezaa mtoto wa hesabu. Tulicheka wote, hata wewe. Ndipo Zawadi, msichana mwenye adabu, mgeni, anayetafuta neno la kumwambia mkubwa wake, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Maman, uko na batoto ngapi?"

Uliona watu walivyofurahi. Jibu walilijua. Miaka yote hii jibu langu ni lile lile, na wale watoto wa jirani waliokuwa wamening'inia dirishani walishafungua midomo ili walitoe pamoja nami. Wewe ulikuwa umesimama na sahani mkononi. Nami nikasema:

"Mumoja."

Hakuna aliyecheka. Tonton aliweka bilauri yake chini. Mama Riziki wa jirani akajifanyia ishara ya msalaba. Zawadi, maskini, akatazama huku na huku akijiuliza amevunja nini, wakati aliyevunja ni mimi. Mtoto wa pekee, usiku mmoja kabla ya safari, na mama yake anamtaja kwa hesabu mbele ya watu wote. Ulinipita na sahani ile ile ukaingia chumbani, na nilipokufuata ulikuwa umeshaliingiza sanduku na kulifungua. Uliniambia bila kunitazama:

"Maman, umenihesabu. Siendi tena."

Nikakuambia ulimi wangu umeteleza. Wageni walikuwa hawajafika hata barabarani nikasikia maji yakiingia katika beseni.

Blauzi moja imekauka. Nimeinuka, nimeitundika kwenye kiti, nimekaa tena, nimeinuka tena kuangalia kama makala bado ni mekundu. Leo nimeshindwa kabisa kukaa mahali pamoja, hata kiti kimenichoka.

Ngoja nikuambie kitu usichokijua. Nilipoolewa kijijini Mudaka nilikuwa msichana wa mji, mjuaji wa kuudhi. Nilikuwa nimesoma kwa masista, nilijua kuhesabu hadi mahali ambapo masista wenyewe walichoka. Jioni ya kwanza ng'ombe waliporudi, nilisimama mlangoni nikawanyooshea kidole, mumoja, mbili, tatu, kwa sauti, ili ukweni waone wamepata bibi aliyesoma. Koko yako, mama wa papa yako, alikuwa anakamua. Aliinuka, akanishika kidole hiki ninachoandikia, akakikunja ndani ya kiganja changu na kukibana hadi nikaumia. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba ng'ombe hawahesabiwi, na watoto ndio kabisa. Anayehesabu, akasema, anamwonyesha mwingine mahali pa kuchukua.

Nikamuuliza, sasa mtu akitaka kujua wako wangapi, nitasema nini? Alinitazama kama nimeuliza maji yanaliwa vipi. Akanijibu kwa Mashi, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili chetu cha mjini neno lake ni tele. Sema tele, basi, umemaliza. Nikabisha, kwa sababu nilikuwa nabisha kila kitu wakati ule. Nikamuuliza, na mmoja akipotea mtajuaje? Akacheka hadi maziwa yakamwagika. Kisha akanipeleka kwenye lango, akaanza kuwaita ng'ombe kwa majina, kila mmoja na jina lake, na kila mmoja akageuza kichwa. Akasema aliyekosekana anaacha nafasi yake, na nafasi hiyo utaiona kabla hujawaona waliorudi.

Nilirudi mjini na neno lile, nikalitia kila mahali. Unanijua sokoni. Mtu akiuliza, maharagi iko, maman? Iko tele. Hata kama gunia limelala chini na ninakwangua kwenye kona zake. Mvua tele. Mashimo tele kwenye njia ya Nyawera. Wakubwa tele wa kutuamsha kwenda salongo, ile kazi ya lazima isiyo na malipo, na wao wenyewe wamekaa kivulini wanatutazama tukifyeka. Sukari, leo tele, halafu juma zima unakunywa chai kwa kumbukumbu. Nililipenda neno hili kwa sababu halina maswali. Ukimwambia mtu kumi, atataka kuziona. Ukimwambia tele, anavuta kiti anakaa. Papa yako alikuwa ananitania kwamba siku nitakayofika mbinguni, Petro ataniuliza dhambi zangu ni ngapi, nami nitamjibu tele, naye atanifungulia mlango kwa uchovu tu.

Halafu kuna ndugu zako. Murhula na Iragi. Umekua ukijua majina yao na ile misalaba ya Mudaka nyuma ya migomba, lakini sijawahi kukaa chini nikakuambia. Surua iliingia kijijini wakati wa mvua, sisi tukiwa huko kwa koko yako. Wewe ulikuwa bado wa mgongoni. Murhula alikwenda kwanza, na Iragi, ambaye alikuwa anamfuata kaka yake hata chooni, hakukawia. Sitaandika zaidi ya hapo, mkono unakataa.

Tuliporudi mjini baada ya matanga, nilikwenda kuchota maji. Mama mmoja mgeni mtaani, mwenye kupenda mazungumzo, akanisifia wewe, akakushika mguu, akauliza kama nina wengine, wako wangapi. Nikajisikia nikijibu, tele. Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa, hata nilicheka kidogo. Wewe ulikuwa unapumua kwenye shingo yangu. Papa yako alikuwa amesimama nyuma na baiskeli, alisikia. Tulipofika nyumbani aliniambia tu, umemwambia tele. Nikamuuliza ulitaka nimwambie nini? Akainamia baiskeli, akaanza kutengeneza cheni ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ningesema nini, Nabintu? Ningesema mmoja, ningekuwa nimewazika wale wawili mara ya pili, na wewe ningekuwa nimekunyooshea kidole. Tele ilikuwa mlango ninaoweza kuufunga. Nikaufunga.

Mvua imeanza. Nimekimbia nje kutoa kikwembe chako ambacho nilikuwa nimekitundika kwenye kamba kwa matumaini ya kijinga, sasa kimelowa upya na kazi inaanza tena. Hata mbingu iko upande wako leo.

Ninaendelea. Ukishasema tele, Nabintu, inabidi watu waonekane. Nilianza kupika kwa sufuria kubwa kuliko nyumba yetu. Mwanzoni walikuja watoto wa jirani wa juu, ambaye mshahara wake ulikuwa unachelewa hadi anausahau. Kisha wa jirani wa chini. Papa yako alipotutoka nikazidisha, wengine wangepunguza, mimi nikazidisha. Mihogo tuliikata vipande vidogo, mchuzi tuliuongezea maji, na uwanja ulijaa. Wakaanza kuniita Maman Tele. Ninapita barabarani, natoka sokoni na kikapu kichwani, sauti za watoto zinatoka kila upande, Maman Tele, Maman Tele. Nilifurahi, sitakuficha. Mwanamke aliyezika wawili anaitwa hivyo na midomo yenye meno ya maziwa, hata awe na roho ya jiwe atageuka.

Wewe ulikula pembeni ya sahani. Kitanda chako kilikuwa cha kila aliyelala kwetu. Sweta hii ninayoipiga pasi, kabla haijakuwa yako tena, ilivaliwa na mtoto wa Mama Riziki hadi viwiko vikatoboka, nikavishona. Hukulalamika. Nilikuwa nakusifu kwa watu kwamba hulalamiki, kumbe nilipaswa kuogopa.

Unakumbuka yule agent wa commune, aliyekuja kuandika watu wa mtaa? Abacost, lile koti la wakubwa, imefungwa hadi kooni na jua lile, jasho linamtiririka, na sisi wote tunamwita citoyen kwa heshima. Akaniuliza watoto. Nikamjibu kama kawaida. Akavuta pumzi, akaniambia, "Citoyenne, tele haiko nombre." Tele si namba! Watu wakaangua kicheko. Mimi kichwa kikavimba, nikaita tu, batoto! Wakatoka kila mahali, wengine juu ya mti wa mparachichi, wengine chini ya meza ya nguo, mmoja akiwa uchi na sabuni kichwani. Yule bwana akaanza kuwahesabu kwa ncha ya bic, na mimi nikafunika macho. Alipofika mwisho akauliza kwa upole, citoyenne, wa tumbo lako ni gani?

Kabla sijafungua mdomo, ulikuwa umesimama kwenye kizingiti na uniforme yako ya shule, sketi ya bluu. Ulikuwa umeanza secondaire mwaka ule, umekuwa mrefu ghafla. Ukamwambia, niko mimi peke yangu. Akakushukuru, akaandika, akaenda nyumba nyingine.

Nilikugombeza mbele ya wote. Nilikuambia umenivua nguo barabarani. Hukulia. Jioni tulipokaa kumenya mihogo, wewe kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, uliniuliza bila kuinua macho:

"Maman, mimi niko mutoto wako, ao niko wa ile tele?"

Nikakuambia sufuria inaungua. Nikainuka nikaenda jikoni. Hakukuwa na sufuria motoni, Nabintu. Nilisimama tu kule ndani nikashika ukuta.

Tangu siku ile nilikuona ukingoja. Ulifikiri sioni. Kila alipokuja mgeni, na mgeni kwa kawaida ataulizia watoto, wewe ulikuwa unaacha kuosha sahani. Mikono inabaki ndani ya maji, kichwa kimeinama, unasikiliza. Mimi nasema tele. Watu wanacheka. Wewe unaendelea kuosha. Miaka mingapi hiyo? Sitaihesabu. Nilikuwa na nafasi kila siku, jikoni, njiani, kitandani ulipokuwa na malaria na kichwa chako kiko kwenye mapaja yangu. Nilikuwa naweza kukuambia kwa sikio, bila mtu kusikia. Sikukuambia.

Niliogopa. Usidhani ni uchawi, mimi ni mtu wa misa ya asubuhi. Niliogopa tu. Nilikuwa nakupenda hadi nilishindwa kukutazama ukila, nilikuwa nageukia kwa watoto wa watu, nawajazia wao, kwa sababu wao wakiondoka jioni ninaweza kulala. Wewe nilikuwa nakuangalia kwa kona ya jicho, kama mtu anayepita karibu na mlango wa jela, anatembea upesi, asionekane na walinzi. Hivyo ndivyo nilivyokulea, kwa kona ya jicho, na wewe ukafikiri sikutazami.

Nimeunguza kola ya blauzi ya pili. Kidogo tu, rangi ya chai. Ukifunga kitambaa shingoni haitaonekana. Nimesimama katikati ya nyumba na pasi mkononi, nimezunguka meza, nimerudi. Kuna mahali ninapakwepa tangu nilipoanza barua hii, na nguo zinakaribia kwisha, sitakuwa tena na kisingizio.

Nilikuambia ulimi uliteleza. Haukuteleza.

Tangu asubuhi nilikuwa nalitazama sanduku lako pale karibu na mlango, limefungwa na kamba ya manila, jina lako limeandikwa juu kwa chokaa. Nilipika nikilitazama. Nilikwenda misa nikaliona kwenye altare. Zawadi aliponiuliza, nilikuwa na muda, Nabintu. Kwa watu ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini mimi nilikuwa na muda tele. Jibu langu la siku zote lilikuwa limeshafika mdomoni, nikalimeza. Nikakuona umesimama na sahani, umeinamisha kichwa kidogo, vile vile kama zamani. Nikajua unalingojea lile jingine. Nikajua ukilisikia leo, baada ya kulingoja hivyo, huwezi kuniacha. Nikalisema.

Na ulipoanza kuzitoa nguo, nilifurahi. Hilo nalo naliandika, maana nikiliacha barua hii yote inakuwa uongo. Nilikaa jikoni nikasikia maji yakiingia katika beseni, na roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza tangu tulipopata habari za Kisangani. Nilianza hata kuwaza jinsi tutakavyopanga vitanda, mwaka kesho, mwaka ule mwingine.

Kisha ulitoka chumbani. Ulikusanya sahani za wageni, ukaziosha zote, bilauri, sufuria ya kuku, mpaka vijiko vya Mama Riziki tulivyoazima. Hukunung'unika. Ulipomaliza ulipangusa mikono kwenye kikwembe ukaniuliza kwa sauti nzuri, ya utiifu, "Kesho tutapika nini, maman?"

Nilikuona ukiniuliza swali hilo ukiwa na umri wangu. Kesho tutapika nini, na jiko hili hili, na beseni hili hili, na mimi nimekaa pembeni nimeshiba wewe. Nikasikia aibu hadi masikio yakawaka moto. Ndiyo maana nilikupigia kelele kwamba kesho unapanda kamio, hakuna cha kupika. Nawe ukanijibu kwamba mtu mwenye mtoto mmoja hamfukuzi, ukaingia ndani, ukaweka kiti mlangoni. Ulikuwa na haki ya kushangaa. Mama anakufunga na mkono wa kulia, anakufukuza na wa kushoto.

Sasa nisikie vizuri. Mmoja ni kweli. Ilikuwa kweli siku ya agent, ilikuwa kweli pale kisimani ulipokuwa mgongoni. Wewe si wa tele. Hujawahi kuwa wa tele hata siku moja. Niliwapa watoto wa watu chakula, na nawapenda, lakini hakuna niliyewahi kumsikiliza akipumua usiku isipokuwa wewe. Neno hilo ni lako, nilipaswa kukupa tukiwa wawili tunamenya mihogo, siku ile uliponiuliza kwa adabu. Badala yake nimelihifadhi miaka yote, na siku nilipolitoa nimelitoa kama kamba. Kwa hiyo usiogope safari. Hakuna mkosi niliokutupia njiani, hakuna aliyenyooshewa kidole. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu mezani pale aliyeogopa kubaki na nyumba yake, akakushika kwa kitu alichojua huwezi kukikataa.

Utaniuliza nitabakije. Vibaya. Ningependa kukuambia neno langu la siku zote, watu tele, kazi tele, usiwe na wasiwasi, lakini leo nimelichoka na wewe ungenijua mara moja. Nitabaki vibaya. Nitapika sufuria kubwa bila sababu, nitagombana na Mama Riziki kwa ajili ya kamba ya nguo, nitakwenda kulala kwenye kitanda chako na nitakasirika kwamba ni kigumu. Siku nyingine nitakuwa sawa. Hayo ni yangu, mimi ndiye mama, nimeshazika na nimeshabaki, naijua kazi hiyo. Wewe kazi hiyo hukupewa. Na ukitaka kurudi likizo uje kwa sababu umetamani sombe, usije kwa sababu nilikutaja mbele ya watu.

Nguo zimekauka, zimo katika sanduku ulilolitupa tupu nje ya chumba chako, kamba nimeifunga upya. Imebaki sweta, ambayo inakataa kukauka kwenye makwapa. Nimeivaa mimi chini ya kikwembe, joto langu litaimalizia, nitakuvua- nitajivua nikupe kesho mlangoni. Unaona, hata bic inateleza.

Barua hii ninaipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, kabla sijaikunja na kuitia kwenye babula. Ukimaliza kuisoma utakuwa na hasira juu yangu, na haki unayo. Ondoa kiti, utoke, unigombeze ukitaka, ila iwe fupi, maana tonton hasubiri mtu. Inayobaki, kasirika ukiwa ndani ya kamio. Njia ya Kisangani ni ndefu, itakutosha.

Mama yako.